Marufuku, msaidizi au mwandishi? Njia tatu za akili mnemba katika chumba cha habari

Kijana wa dawati la michezo ana ChatGPT kwenye simu. Mwandishi wa mahakamani anatafsiri hati ya mashtaka kwa Google kabla hajaanza kuandika. Binti wa mitandao ya kijamii anaiomba mashine vichwa vitano, anachagua kimoja, anakigusagusa, anakirusha. Hakuna aliyeomba ruhusa, na mhariri hana uso wa kuwauliza, maana asubuhi yeye mwenyewe ameifupisha ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kwa mashine hiyo hiyo. Vyumba vingi vya habari viko hivyo leo, Dar es Salaam hata Nairobi: matumizi yameshaingia, sera haijaandikwa.

Atakayeketi kuiandika atakuta njia tatu mezani. Anaweza kupiga marufuku. Anaweza kuiruhusu akili mnemba (akili unde, kwa wenzetu wa Kenya) ifanye kazi za ndani tu, isiandike kinachochapishwa. Au anaweza kuiacha iandike, binadamu akasimamia. Zote tatu zimejaribiwa hadharani na vyombo vikubwa vya Ulaya na Marekani, na yaliyowapata yanajulikana. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya mhariri wa chombo kidogo: watu wachache, mwanasheria wa kuazima, idara ya teknolojia hakuna.

Kipimo changu ni kimoja. Msomaji akipiga simu kuuliza "hili mmelitoa wapi?", je, yupo mtu mwenye jina anayeweza kumjibu sentensi kwa sentensi? Maadili mengine yote ya kazi yetu, kuanzia usahihi hadi kumlinda chanzo, yanasimama juu ya hapo. Na nisizunguke: naegemea njia ya pili, ingawa kuna mahali ambapo ya kwanza inaishinda, na pembe moja ndogo ambapo ya tatu ina haki yake.

Njia ya kwanza: marufuku

Jarida la Wired la Marekani lilitangaza msimamo wake Machi 2023, miezi michache baada ya ChatGPT kutoka. Halitachapisha habari yenye maandishi yaliyotungwa au kuhaririwa na mashine, isipokuwa pale ambapo mashine yenyewe ndiyo habari. Waandishi wake waliachiwa upenyo mdogo tu, kama kuomba mawazo ya kichwa cha habari.

Sera ya namna hii ina uzuri wake, na si mdogo. Inaingia kwenye sentensi moja, hivyo hakuna atakayesema hakuelewa. Inamlinda msomaji dhidi ya uongo wenye sarufi nzuri. Zaidi ya yote inamlinda mwandishi chipukizi. Aya ya kwanza hujifunzwa kwa kuiandika vibaya mara nyingi na kurudishiwa ikiwa imejaa wino mwekundu. Kijana anayeanza na aya ya mashine hapitii hapo. Wino wote ule unairekebisha mashine, yeye anabaki mpitishaji.

Shida inaanza kwenye kuisimamia. Programu zinazodai kugundua maandishi ya mashine hukosea pande zote mbili, na mhariri anayemtuhumu mwandishi wake kwa kutegemea asilimia iliyotokea kwenye kioo anaweza kumfukuza asiye na kosa. Kisha marufuku huwafundisha watu kuficha. Mwandishi aliyetumia mashine kwa ruhusa atakwambia, "Hii tafsiri iangalie vizuri." Aliyeitumia kwa siri atanyamaza, na wewe utaipitisha.

Wired wenyewe ndio ushahidi. Mei 2025 walichapisha makala kuhusu wapenzi wanaofunga ndoa ndani ya mchezo wa Minecraft, iliyoletwa na mwandishi wa kujitegemea. Wiki chache baadaye wakaiondoa, na Agosti wakaeleza hadharani kwamba walikuwa wamepigwa: makala ilikuwa ya kutungwa, na mwandishi huyo hakuwa yule aliyejidai kuwa. Business Insider nao waliondoa makala zilizokuja kwa jina hilo hilo. Kilichowazindua Wired hakikuwa programu ya kugundua chochote. Ni malipo. Mwandishi hakuweza kutoa taarifa za kumwingiza kwenye mfumo wa kulipa, akang'ang'ania PayPal au hundi. Na wakakiri kwamba makala ile haikupita kwenye ukaguzi wa ukweli inavyotakiwa.

Chombo chenye marufuku kali kuliko wengi kiliingia mkenge kwa sababu hakuna aliyezungumza ana kwa ana na mtu anayemlipa. Kwetu, ambako sehemu kubwa ya habari za mikoani huletwa na waandishi wanaolipwa kwa kila habari inayotoka, hilo linapaswa kutunyima usingizi kuliko ChatGPT ya kijana wa michezo.

Njia ya pili: msaidizi asiyeandika

Shirika la habari la AP lilitoa mwongozo wake Agosti 2023, na sentensi yake muhimu inafaa kubandikwa ukutani: chochote kinachotoka kwenye mashine kichukuliwe kama chanzo ambacho hakijathibitishwa. Hicho hakichapishwi. Kinafuatiliwa, kinapigiwa simu, kinalinganishwa na hati. Mwongozo huo pia uliwaonya waandishi wasiingize taarifa za siri kwenye zana hizi, na ukakataza kuongeza au kuondoa kitu kwenye picha, video au sauti.

Faida kubwa ya njia hii utaiona kwenye kunukuu rekodi, yaani kuigeuza sauti kuwa maandishi. Chukua sauti ya dakika 40 ya mkutano wa kijiji kuhusu mgogoro wa ardhi. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya jioni nzima: simamisha, rudisha nyuma, sikiliza tena, andika. Whisper, programu ambayo OpenAI, kampuni ya ChatGPT, iliitoa wazi Septemba 2022 na inayokijua Kiswahili kiasi, inakupa maandishi baada ya muda mfupi. Unayasoma. Mwenyekiti aliyekaa karibu na kinasa sauti ametoka vizuri. Mzee aliyechanganya Kiswahili na Kisukuma ametoka maneno yasiyoshikana. Hilo halitishi, kwa sababu kila msomaji wa maandishi hayo ataona pameharibika na kurudi kwenye sauti.

Kinachotisha ni pale ambapo mtu alinyamaza kidogo, upepo ukapiga, na mashine ikapajaza kwa sentensi safi ambayo hakuna aliyeisema. Watafiti wa Marekani walioipima Whisper kwa Kiingereza walieleza mwaka 2024 kwamba takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti vilipachikwa maneno ya kubuni, na karibu asilimia 40 ya hayo yalikuwa na madhara, yakiwemo ya vurugu na ya kumhusisha mtu na mambo yasiyomhusu. Asilimia 1 inaonekana ndogo mpaka iwe ni diwani wako ndiye aliyewekewa mdomoni tishio ambalo hakulitoa.

Kwa hiyo ruhusu mashine inukuu, lakini weka kanuni kavu: kila nukuu inayokwenda ukurasani iandikwe dakika na sekunde yake pembeni, na mwandishi awe ameisikiliza tena kwa masikio yake. Isiyo na dakika inaondolewa.

Jambo la pili ni usiri, na hapa wengi wanateleza bila kujua. Rekodi ya mtoa taarifa ukiipakia kwenye huduma ya bure mtandaoni, umeipeleka kwenye seva ya kampuni usiyoijua masharti yake. Mtumishi wa halmashauri aliyekuamini wewe hakuiamini kampuni ya California. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Zote mbili zinagusa usafirishaji wa taarifa za watu nje ya nchi. Nafuu ni kwamba Whisper inaweza kuwekwa kwenye kompyuta ya ofisini na kufanya kazi bila intaneti. Inataka mashine yenye nguvu kidogo na kijana mmoja anayeelewa mambo ya programu. Kwa habari za uchunguzi, hiyo ndiyo namna pekee ninayoweza kuitetea.

Tafsiri ni eneo la tatu. Vyombo vyetu vinakula sana taarifa za mashirika ya nje, na mashine imerahisisha mno kazi hiyo. Jicho la mhariri lianzie kwenye saa, kwani ajali ya saa 8 usiku hugeuka ya saa 2 kwa urahisi sana. Kisha litue kwenye hadhi ya mtu mahakamani. Mshukiwa, mshtakiwa na mfungwa ni watu watatu tofauti, na ukiwachanganya hujakosea lugha tu, umemkashifu mtu. Mwisho liende kwenye tarakimu, hasa bilioni na trilioni.

Muhtasari wa mashine ningeuwekea breki zaidi. BBC iliziuliza ChatGPT na zana nyingine za aina hiyo, Copilot, Gemini na Perplexity, maswali 100 kuhusu habari, zikiruhusiwa kusoma tovuti yake, na Februari 2025 ikatoa matokeo: asilimia 51 ya majibu yalikuwa na kasoro kubwa, na asilimia 13 ya nukuu zilizodaiwa kutoka kwenye makala za BBC zilikuwa zimebadilishwa au hazikuwemo kabisa. Oktoba mwaka huo utafiti mpana zaidi wa Umoja wa Watangazaji wa Ulaya, uliohusisha vyombo 22 vya umma katika nchi 18 na lugha 14, ulikuta asilimia 45 ya majibu yana angalau kasoro moja kubwa. Kabla ya hapo, Desemba 2024, muhtasari wa mashine kwenye simu za Apple ulitoka na jina la BBC ukisema mtuhumiwa wa mauaji ya bosi wa kampuni ya bima ya afya New York amejipiga risasi. Hakujipiga. BBC haikuwa imeandika hivyo. Apple ilisimamisha muhtasari wa habari mwezi uliofuata, lakini aliyeupata ujumbe ule kitandani saa 12 asubuhi aliiona nembo ya BBC, si ya mwingine.

Udhaifu wa njia ya pili uko kwa binadamu. Inategemea ukaguzi, na ukaguzi unachosha. Tafsiri ya kwanza ya siku utaisoma mstari kwa mstari. Ya kumi na mbili, saa 5 usiku, mtambo unasubiri na msanifu kurasa anagonga meza, utaipitishia macho tu. Muda uliookolewa na mashine ukitumika kupunguza watu, hao wakaguzi ndio wa kwanza kuondoka, na njia ya pili inageuka ya tatu bila mtu kutangaza.

Njia ya tatu: mashine inaandika

Hapa watu huchanganya vitu viwili visivyofanana, na ulinganisho mwingi niliousoma unaharibikia hapo.

Kuna mashine inayoandika kutoka kwenye jedwali. AP imekuwa ikifanya hivyo tangu 2014 kwa taarifa za mapato ya kampuni: tarakimu zinaingia upande mmoja, aya fupi zinatoka upande wa pili kwa kiolezo kilichoandikwa na binadamu. Habari za namna hiyo ziliongezeka kutoka takriban 300 kila robo mwaka hadi zaidi ya 3,000. Hakuna mwandishi aliyelilia kazi hiyo. Ukiuliza zimetolewa wapi, jibu lipo: taarifa ya kampuni, safu fulani, tarehe fulani.

Haina maana kwamba haikosei. Juni 2017 programu ya tetemeko la ardhi ya Los Angeles Times ilirusha habari ya tetemeko la 6.8 huko Santa Barbara. Tetemeko lenyewe lilikuwa la 1925. Idara ya jiolojia ya Marekani ilikuwa ikisahihisha kumbukumbu zake za zamani na tahadhari ikatoka kimakosa. Agosti 2023 kampuni ya Gannett ilisimamisha programu yake ya habari za michezo ya shule za sekondari baada ya habari kutoka na mabano yenye maneno ya kiolezo mahali palipotakiwa jina la utani la timu iliyoshinda. Ni aibu, na watu walicheka wiki nzima. Lakini makosa yote mawili yalifuatiliwa hadi kwenye chanzo chake na kurekebishwa, kwa kuwa kulikuwa na jedwali la kurudia.

Kisha kuna mashine inayoandika kutoka kichwani mwake, kwa kuotea neno linalofuata. Hii ni dunia nyingine. Tovuti ya CNET ilianza kimya kimya Novemba 2022 kuchapisha makala za fedha zilizotungwa na mashine kwa jina la jumla la "wafanyakazi" wa dawati la fedha. Makala moja iliwaeleza wasomaji kwamba ukiweka dola 10,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwaka, mwisho wa mwaka wa kwanza utakuwa umepata dola 10,300. Atakachopata ni 300. Hizo 10,000 zilikuwa zake tangu mwanzo. Mtoto wa darasa la saba angeliona. Wahariri walipita juu yake, kwa sababu sentensi ilikuwa imenyooka na iliandikwa kwa kujiamini. Baada ya kelele za Januari 2023, CNET ilipitia makala zote 77 na kulazimika kusahihisha 41.

Ya Chicago Sun-Times ni mbaya zaidi kwa sababu inafanana na hali zetu. Mei 2025 gazeti hilo lilitoka na kijitabu cha ziada cha msimu wa joto, kilichonunuliwa kutoka kampuni ya usambazaji. Ndani yake kulikuwa na orodha ya vitabu 15 vya kusoma likizo. Kumi havikuwepo duniani, ingawa vilibandikwa majina ya waandishi halisi. Mwandishi wa kujitegemea alikuwa ameitumia mashine na hakukagua, kampuni ya usambazaji haikukagua, gazeti halikukagua. Miezi miwili nyuma, sehemu kubwa ya wafanyakazi wake, karibu mmoja kati ya watano, walikuwa wamechukua kiinua mgongo cha kuondoka kwa hiari. Anayetaka kujua kwa nini hakuna aliyeliona, aanzie kwenye hesabu hiyo.

Kwa haki, yupo aliyeifanya njia ya tatu kwa uwazi. Il Foglio, gazeti la Italia, Machi 2025 lilianza kutoa kila siku kurasa nne zilizoandikwa na mashine, kwa mwezi mzima, na likasema hivyo waziwazi kabisa. Waandishi walibaki kuuliza maswali na kusoma majibu. Naliheshimu jaribio lile kwa ukweli wake. Lakini tazama kilichojazwa humo: maoni, uchambuzi, marejeo ya mambo yaliyokwisha kuripotiwa na watu wengine. Mashine haikwenda kokote. Haiwezi kukaa nje ya ofisi ya mkuu wa wilaya kuanzia saa 3 mpaka atoke, wala kuona kwamba mjane anayetajwa kwenye taarifa ya polisi hajui kusoma karatasi aliyotia dole gumba.

Picha na sauti

Hapa marufuku inashinda, na sioni haja ya mjadala mrefu. Picha ya kutungwa isitumike kuonyesha tukio, hata ikiandikwa chini yake kwamba ni ya kutungwa. Picha huhama mtandaoni na kuliacha lile andiko nyuma. Jarida la Ujerumani la Die Aktuelle lilitangaza Aprili 2023 "mahojiano" na Michael Schumacher, bingwa wa zamani wa mbio za magari, ambaye hajaonekana hadharani tangu ajali ya Desemba 2013. Majibu yalikuwa ya mashine. Mhariri alifukuzwa, na familia ikalipwa fidia ya euro 200,000. Kituo cha OFF Radio Kraków cha Poland kiliweka watangazaji wa kompyuta Oktoba 2024 na kurusha "mahojiano" na mshairi Wisława Szymborska, aliyefariki 2012. Wasikilizaji wakakasirika, na jaribio likafa ndani ya siku chache.

Kwetu kuna sababu ya ziada. Oktoba 2024 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilisimamisha kwa siku 30 leseni za maudhui ya mtandaoni za Mwananchi Communications kutokana na video ya katuni. Ile ilikuwa katuni, kila mtu aliiona kuwa katuni. Uukubali au uukatae uamuzi ule, chombo kidogo kijiulize kitajitetea vipi kikikutwa na picha inayofanana na kweli ambayo hakuna mpiga picha aliyeipiga. Ukihitaji mchoro, wachora katuni wapo, na Afrika Mashariki haijawahi kupungukiwa nao.

Kumwambia msomaji

Wengi hudhani uwazi umekamilika kwa kuweka maneno "akili mnemba imetumika" chini ya kila habari. Mimi naiona alama hiyo ya jumla kuwa ujanja: inamtupia msomaji mzigo wa kukagua, na haimwambii hata ni sehemu gani ya kukagua.

Sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya, ya 2024, imegusa jambo hili kwa namna inayonivutia. Maandishi ya mashine kuhusu mambo ya umma yanatakiwa kutajwa kuwa ni ya mashine, isipokuwa yamepitiwa na binadamu na kuna mtu au taasisi inayobeba dhima ya uhariri. Maana yake dhima ikiwepo kweli, alama si lazima. Isipokuwepo, alama ni lazima. Mkataba wa Paris kuhusu akili mnemba na uandishi wa habari, uliotolewa Novemba 2023 na shirika la Waandishi Wasio na Mipaka kupitia kamati iliyoongozwa na Maria Ressa, mwandishi wa Ufilipino, unasisitiza hilo hilo la dhima kubaki kwa chombo. Kenya nayo imeingiza suala hili kwenye kanuni mpya za maadili za Baraza la Vyombo vya Habari za 2025.

Kwa vitendo: mashine ikikusaidia kunukuu rekodi, msomaji hahitaji kuambiwa, kama asivyoambiwa uliandika kwa kompyuta ya aina gani. Ikiwa imetunga habari kutoka kwenye jedwali, sema, na useme kikamilifu: "Habari hii imetungwa na programu kutokana na matokeo ya Bodi ya Ligi na kupitiwa na dawati la michezo." Hapo msomaji anajua chanzo na anajua pa kulalamikia.

Kazi ya watu wengine

Lipo la maadili ambalo sera nyingi hulikwepa. Januari 2023 jarida la Time lilieleza jinsi wafanyakazi wa Nairobi, kupitia kampuni ya Sama, walivyosoma na kuchambua maandishi ya ukatili wa kutisha ili kuisaidia OpenAI kuichuja ChatGPT, kwa ujira wa chini ya dola 2 kwa saa. Chombo cha Kenya kinachoandika kuhusu haki za wafanyakazi hakiwezi kuijadili zana hii kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni.

Hakimiliki ni la pili. New York Times iliishtaki OpenAI na Microsoft Desemba 2023. AP ilikuwa imeuza leseni kwa OpenAI Julai mwaka huo. Tovuti ya Mbeya au Eldoret haina nguvu ya kushtaki wala ya kuuza. Lakini inaweza kuamua jambo moja lililo mikononi mwake: isichukue habari ya mwenzake, ikaifua kwa mashine ili isifanane, na kuitoa kama yake. Wizi huo tulikuwa nao kabla ya mashine. Sasa umekuwa rahisi na mgumu kuukamata, na mwandishi aliyelala Rufiji siku tatu kutafuta habari ya mafuriko hapati hata kutajwa.

Nani achague ipi

Radio ya jamii, nadhani, ichukue njia ya pili kwa upungufu: kunukuu rekodi na kutafsiri, basi. Sauti za kompyuta ziachwe. Wasikilizaji wa radio ya jamii wanamjua mtangazaji kwa jina la baba yake, na kumwekea sauti isiyo ya mtu ni kukitupa kile ambacho radio kubwa za mjini haziwezi kukinunua.

Tovuti ya watu watatu au wanne ndiyo iliyo hatarini zaidi, maana inashindana kwa kasi na inaishi kwa matangazo. Hapo ningeanza na marufuku ya miezi mitatu kwa kila kinachochapishwa, ili mhariri aone kazi halisi ya kila mmoja ikoje bila mashine. Kisha kazi zifunguliwe moja moja, kuanzia kunukuu rekodi. Vichwa vya habari viwe vya mwisho, kwa sababu kichwa ndicho kinachosomwa na wengi ambao hawataifungua habari.

Gazeti la kila siku lenye dawati la biashara na la michezo linaweza kubeba njia ya pili nzima, pamoja na ile pembe ya jedwali: bei za mazao sokoni, viwango vya kubadilisha fedha, msimamo wa ligi, hali ya hewa. Kiolezo kiandikwe na mhariri wa dawati husika, kwa Kiswahili chake mwenyewe, kisha kompyuta ijaze tarakimu. Hata programu ya kawaida ya majedwali inatosha kwa hilo, huhitaji ChatGPT.

Kwa wote watatu, waandishi wa mikoani waingizwe kwenye sera kwa kutajwa. Kila anayelipwa awe ameongea na mhariri kwa simu walau mara moja, awe na mtu wa klabu ya waandishi ya mkoa anayemfahamu, na alete rekodi pamoja na habari. Na malipo yaangaliwe upya. Anayelipwa kiasi kisichofika nauli ya kwenda na kurudi wilayani ataandika akiwa nyumbani, kwa mashine au bila mashine. Saa ambazo dawati limeziokoa kwenye kunukuu rekodi zina thamani ya shilingi. Mhasibu aipige hesabu hiyo na kuiweka kwenye fungu la safari kabla robo mwaka haijaisha.

Sera yenyewe isizidi kurasa mbili, na iwe na tarehe ya kupitiwa upya baada ya miezi sita.